Ratili Mia za Nikodemo

Kila Kwaresima inapofika ukingoni, wahubiri wetu hukaa na Petro aliyekana, na Maria Magdalene aliyelia bustanini, na Tomaso aliyetaka kuyagusa makovu. Mimi, tangu nilipomzika bibi yangu, nimekuwa nikibaki na Nikodemo, ambaye katika habari za mazishi ya Bwana hasemi hata neno moja.

Ni Yohana peke yake anayemtaja, tena mara tatu tu: katika sura ya 3 alipomwendea Yesu usiku, katika sura ya 7 alipowauliza wenzake kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na katika sura ya 19, jioni ya Ijumaa, Yusufu wa Arimathaya alipokwisha kupewa mwili na Pilato. Hapo Nikodemo alikuja na mchanganyiko wa manemane na udi wenye uzito wa kama ratili 100, ambazo kwa ratili ya Kirumi ni karibu kilo 33. Sisi wa Unguja, tunaonunua udi vijipande na kuuweka kwenye chetezo kwa ncha za vidole, hatuhitaji kufasiriwa uzito wa mzigo huo. Alileta mali nyingi kwa ajili ya maiti ya mtu aliyeuawa kama mhalifu. Tena yeye alikuwa Farisayo, na sheria aliyoishika tangu utoto inasema katika Hesabu 19 kwamba anayegusa maiti ni najisi kwa siku 7. Kwa hiyo mikono iliyomfunga Yesu sanda jioni ile iliingia sikukuu ya Pasaka ikiwa najisi. Hayo aliyajua vizuri kuliko sisi, naye akaja.

Jambo ambalo sikulitambua kwa miaka mingi ni kwamba hakuja kwa tumaini. Mtu anayetazamia kumwona mpenzi wake mzima siku ya tatu hamletei manukato ya maziko.

Bibi yangu alifariki wiki ya mwisho ya Kwaresima. Wanawake wa kanisa walipokuwa chumbani wakimwosha, jirani yetu Mwislamu, aliyekaa naye mlango kwa mlango tangu ujana wao, aliingia uani ameshika kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akauliza chetezo kiko wapi. Nilimwambia, "Bibi, sisi katika maziko yetu hatufukizi." Akanitazama kwa upole, akasema, "Mjukuu wangu, shoga yangu hakupata hata siku moja kutoka nyumbani kwake bila ya kunukia." Akachutama, akapuliza makaa mpaka yakawa mekundu, akaweka vijipande vitatu vya udi, kisha akaipitisha juu ya moshi, pindo kwa pindo, kanga ambayo marehemu alikuwa afunikwe kwa muda kabla ya kutiwa katika jeneza. Sikumzuia tena. Nilimwona Nikodemo.

Siku chache baadaye, asubuhi ya Pasaka, nilisali katika Kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru sakafuni, ambalo kwa masimulizi yetu linaonyesha uliposimama mti wa kuwafungia na kuwachapa watumwa. Nililitazama nikiwafikiria waliokufa katika biashara ile, ambao hapakuwa na mtu wa kuwaletea hata kijipande kimoja cha udi, huku tukisomewa Yohana 20, jinsi Petro na yule mwanafunzi mwingine walivyokimbia kaburini wakaviona vitambaa vimelala, na leso ya kichwani imekunjwa mahali pake peke yake.

Yohana hataji harufu. Lakini ratili 100 za manemane na udi hazinyamazi kwa siku mbili, na mimi naamini kwamba kabla macho ya wanafunzi wale hayajazoea giza la pango, kilichowapokea mlangoni kilikuwa ni zawadi ya Nikodemo, imebaki pale pale bila ya yule aliyepewa. Bwana aliviacha vitambaa nyuma yake, havikutupwa wala kuchomwa, na kazi ya mtu aliyezika bila ya tumaini ikawa miongoni mwa mashahidi wa kwanza wa ufufuo. Injili haituambii kama Nikodemo aliletewa habari Jumapili ile. Mimi humwombea furaha hiyo kila mwaka, ingawa najua kwamba alikwisha kuipata zamani.

Niliporudi nyumbani nilifungua kasha la bibi. Kanga ile ilikuwa juu ya nguo nyingine, imekunjwa vizuri, na nilipoinua kifuniko chumba kizima kilinukia. Niliibeba, nikatoka nayo uani kumwita jirani yetu.