Mwenye Deni Ndiye Atamke: Tafakari ya Ijumaa

Assalaam alaykum ndugu zetu wa Amu (Lamu), wa visiwani na walio bara.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inazungumzia deni. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara: liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na muda wake wa kulipwa, na wawepo mashahidi. Wengi wetu tukiisoma tunaishia kwenye karatasi na mashahidi. Wiki hii tutazame jambo moja linalopitwa haraka. Anayemtamkia mwandishi maneno ya kuandika ni yule anayedaiwa. Mzigo uko juu yake, basi kauli itoke kinywani mwake, mkopeshaji akiwa papo anasikiliza. Kama alifahamu vingine, litajulikana kabla wino haujakauka.

Leta hekima hiyo kazini. Ukimwagiza mtu, yeye ndiye sasa mwenye deni la kutenda. Usimuulize, "Umefahamu?" Kwetu pwani swali hilo lina jibu moja, "Nimefahamu", maana kijana huona ni kukosa adabu kumwambia mkubwa wake kuwa hakumwelewa. Mwambie, "Hebu nambie utakavyofanya," kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.

Chukua miti ya mikoko. Mtu wa mtaa wa Mkomani anatengeneza dari, anapiga simu: "Niletee korja mbili za boriti." Korja ni miti 20, kwa hiyo ataletewa 40. Lakini boriti ni jina la unene tu: fito ndiyo nyembamba, inafuata pau, halafu boriti, halafu nguzo. Urefu hakuutaja. Chumba chake kina upana wa mita mbili na nusu, na kila boriti lazima iingie ukutani huku na huku. Akiletewa za mita mbili na nusu hazina pa kukalia. Akisema "mikono sita" pia hajasalimika, kwani mkono hupimwa toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na wa fundi mrefu si sawa na wa fundi mfupi. Miti ikishafika gatini imekwisha katwa, chombo kimelipwa, punda wamekodiwa, na mti uliokatwa mfupi haurefuki. Yote haya yangeepukwa kwa muuzaji kurudia kwa sauti yake: "Boriti 40, mita tatu kila moja, nishushe Jumatano maji yakiwa yamejaa." Hapo mwenye nyumba angestuka, au angesema "naam" akiwa na yakini.

Saa nazo zinatuponza sana. Sisi tunahesabu toka kuchomoza na kuchwa kwa jua, simu na tikiti zinahesabu toka usiku wa manane. Tikiti ya basi la Mokowe ikiandikwa 7:00, kuna atakayesoma saa saba akajitayarisha baada ya adhuhuri, na basi limeondoka saa moja asubuhi. Taja zote mbili: "Saa moja asubuhi, kwenye simu ni 7:00." Siku ni vivyo hivyo. Kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana wake, basi usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia baada ya magharibi ya Alhamisi. Kijana aliyealikwa usiku huo, naye amezoea kalenda ya ofisini, atakuja kesho yake, akute mabusati yamekunjwa. Sema "Alhamisi baada ya Isha" na utaje tarehe.

Penye dawa, kosa la namna hii linadhuru mwili. Cheti kikiandikwa 1×3, maana yake kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mgonjwa humeza asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha hukaa saa kumi na mbili za usiku bila dawa. Ikiwa ni dawa ya kila baada ya saa nane, mpangilio wake ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Anayemuuguza ayataje hayo mbele ya mtoa dawa kabla hajaondoka dirishani.

Liko pia neno letu tukufu, inshallah. Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, inatufundisha tusiseme "nitafanya kesho" bila kulitaja. Ni neno la mtu aliyekwisha azimia, anayekiri kuwa uwezo si wake. Kulitumia kumkatalia mtu kwa upole ni kulidhulumu neno na kumdhulumu anayekungoja. Kama hutakwenda, mwambie, "Niwie radhi, siwezi," apate kutafuta mwingine jua lingali juu.

Wapo wanaohisi kwamba kumrudishia mtu maneno ni kumfanya mjinga. Imepokewa kwa Anas bin Malik kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akisema neno hulirudia mara tatu mpaka lifahamike. Na katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, mbele ya umati ule, aliuliza: "Je, nimefikisha?" Wakajibu kuwa amefikisha, naye akamshuhudisha Mwenyezi Mungu, kisha akaagiza aliyepo amfikishie asiyekuwepo. Aliyekuwa mfasaha kuliko wote hakuona haya kuuliza, na aliuliza kabla hawajatawanyika.

Basi wiki hii, unayepokea agizo usingoje kuulizwa. Bado mko kwenye simu, sema: "Ngoja nirudie nione kama nimeshika," utaje idadi, kipimo, mahali, siku na saa. Na ukitumiwa sauti ya dakika nne yenye mambo matano ndani yake, jibu kwa maandishi mafupi, kila jambo na mstari wake, umalizie: "Kuna lililobaki?"