Nilivyobadilisha injini ya Probox na kuiingiza kwenye logibuku

Bloku ya injini ya Toyota Probox yangu ilipopasuka, fundi aliitazama tu akasema: "Tafuta nyingine, mkubwa. Hii haishoneki." Kupata injini ya 1NZ, aina inayotumiwa na gari langu, hapa Mombasa si kazi, zashuka bandarini kwa makontena. Kazi ni kuiingiza kwenye logibuku, hati ya usajili wa gari. Wengi huifunga, gari likanguruma, wakasahau, mpaka siku ya kuuza au siku afande atakapotaka boneti ifunguliwe.

Mimi nilianza na sheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 278A, humfunga mwizi wa gari hadi miaka 7. Kifungu cha 322, cha kupokea mali ya wizi, hufika miaka 14. Yaani anayenunua huku akijua ni ya wizi, au ana sababu ya kuamini hivyo, aweza kukaa ndani mara mbili ya aliyeiba. Hayo maneno ya "sababu ya kuamini" ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Kwangu mimi, injini ya bei ya kutupa isiyo na risiti ni sababu tosha.

Basi dukani sikuanza na bei, nilianza na nambari ya injini. Imepigwa kwenye bloku yenyewe, na kijana wa duka ilibidi aisugue kwa brashi ya waya na petroli ndipo ikasomeka. Nikataka risiti yenye nambari hiyo hiyo, PIN ya duka ya KRA, yaani nambari yake ya mlipakodi, na muhuri, pamoja na nakala ya karatasi za forodha. Mwenye duka akacheka.

"Mzee wangu, wataka injini ama wataka karatasi?"

Nikamwambia nataka zote mbili, na pesa ninazo hapa. Akaandika, akakosea tarakimu moja, nikamrudishia aandike upya. Alinuna, lakini aliandika.

Injini ilipofungwa niliomba mabadiliko kwenye akaunti yangu ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikalipia ukaguzi, nikapeleka gari kituo cha ukaguzi cha Miritini. Nikaona heri nipitie na kwa DCI, polisi wa upelelezi. Huko afande alipaka unga mweusi juu ya nambari ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye bodi ya gari, akabandika utepe wa kunata, akaubandua taratibu na kuugandisha kwenye karatasi nyeupe: NCP51, alama ya modeli, na tarakimu zake 7, zimetoka zote. Ukiifuta nambari kwa tupa bado hujapona, kwa sababu chuma kilichogongwa hubanwa hadi chini, na dawa ya asidi hurudisha alama.

Ila kwa nini chesisi, nami nimebadilisha injini tu? Kwa sababu wapo wanaonunua gari lililopondeka ajalini kwa ajili ya logibuku tu. Hukata kile kipande chenye nambari, wakakichomelea kwenye gari la wizi la modeli na rangi ile ile. Mkaguzi akiona weldingi mahali pale, una maelezo marefu ya kutoa.

Langu lilipita, na logibuku ikatoka na nambari mpya ya injini. Bloku la zamani nililiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa maandishi: nambari ya injini, nakala ya kitambulisho chake, tarehe na sahihi zetu sote. Alishangaa, lakini alitia sahihi.