Nyumba ya mama huko Bhutan

Ikitajwa Bhutan, nchi ndogo ya milima ya Himalaya, mazungumzo hukimbilia Furaha ya Taifa, yaani kupima maendeleo kwa furaha ya watu. Mimi ninayemfikiria zaidi ni binti aliyeachiwa nyumba.

Magharibi na katikati ya nchi, Paro, Thimphu hadi Bumthang, mali kwa kawaida hufuata kukeni. Binti hubaki kwao, mume ndiye anayehamia, na ndoa ikivunjika mume hufunga virago. Kusini, kwa Walhotshampa, Wabhutan wenye asili ya Nepal, mali hufuata kuumeni. Sheria ya Mirathi ya 1980 huwapa watoto wote haki sawa, ila kijijini mila bado ina nguvu zake.

Mila hii ina heri yake: mwanamke ambaye hati ya shamba ina jina lake si rahisi kutupwa nje na mume mlevi. Lakini anayepewa nyumba hupewa pamoja na jukumu la kuwatunza wazazi. Atawauguza, atawapikia, na wakifa atasimamia ibada za Kibudha za siku 49, watawa wakilishwa na taa za siagi zikiwashwa. Ndiyo maana zamani kaka alipelekwa shule au kwenye utawa, dada akaachwa na ng'ombe. Mwanamke wa kwanza kuwa waziri, Dorji Choden, aliteuliwa 2013. Naamini sehemu ya ucheleweshaji huo ilianzia jikoni kwa mama.

Sasa dada naye anaondoka. Nyumba iliyobaki bila mtu huitwa goongtong, na nyingi ziko mashariki: Trashigang, Mongar, Lhuentse, Pemagatshel. Haifungwi kwa siku moja. Mtoto huenda shule ya bweni, hupata kazi Thimphu, mji mkuu, huzaa huko. Bibi huitwa akalee mjukuu, kwanza kwa majira ya baridi tu. Babu hawezi kukaa peke yake, naye hufuata. Jirani huachiwa ufunguo, kwa sababu vile vibakuli saba vya madhabahuni hujazwa maji kila asubuhi na kumwagwa jioni, na si vizuri vikae vikavu.

Jirani huyo hubebeshwa mengine mazito zaidi. Jiko lisipowashwa unyevu huingia kwenye mbao. Paa likitoboka, maji hushuka ndani ya ukuta wa mawe na udongo, na ukuta huporomoka. Shamba lisilolimwa huota vichaka, na vichakani nguruwe mwitu hujificha mchana, hatua chache tu kutoka kwenye mahindi ya jirani. Basi wazee hulala kibandani shambani wakigonga madebe usiku kucha. Na mfereji wa mpunga: kabla ya kupandikiza miche lazima usafishwe wote, tangu kwenye chanzo. Kaya zikipungua, kila aliyebaki huchimbua kipande kirefu zaidi. Ukingo ukibomoka juu na asiwepo wa kuuziba, wa chini hakosi maji kidogo tu, hukosa msimu mzima. Mwaka unaofuata naye hufikiria kuondoka.

Australia imeongeza kasi ya kuhama, hasa mji wa Perth. Mmoja huenda kusoma, mwenzake hufuata kufanya kazi, mtoto hubaki kwa bibi. Siwalaumu. Mshahara wa mwalimu au muuguzi nyumbani haulingani na wa kule, na deni la ada hulipwa kwa kufanya kazi zamu za usiku.

Ninachoona kinasaidia ni vitu vya kawaida. Uzio wa umeme huzuia nguruwe, mradi nyasi zilizo chini ya waya zifyekwe. Zikigusa waya umeme huvuja na wanyama hupita. Shamba la goongtong likodishwe kwa mkataba, maana bila maandishi mpangaji huogopa kutia mbolea na mwenye shamba huogopa kunyang'anywa.

Na kaka wahusishwe. Wazazi wangali hai, watoto wote wakae waandike: nani atawachukua wakati wa baridi, nani atalipa kibarua wa mfereji kwa niaba ya nyumba yao, nani atatoa fedha za ibada. Kaka anayetuma hela za kununulia kiwanja Thimphu anaweza kutenga na za mabati ya paa la mama yake.