Pointi 100 za Wilt, 81 za Kobe: takwimu za kina zinapanga magwiji kwa haki?

Kwenye vijiwe vya kikapu Arusha na Moshi, ubishi wa nani gwiji zaidi siku hizi unaisha kwa mtu mmoja kutoa simu na kusoma PER, moja ya takwimu za kina, inayojumlisha mchango wa mchezaji kwenye namba moja. Namba ikishasomwa, wengine wananyamaza kana kwamba hakimu ameongea. Tatizo ni kwamba hakuna anayeuliza namba hiyo imepikwa na nini.

Tuanze na hesabu ambayo yeyote anaweza kuifanya: asilimia halisi ya ufungaji. Chukua mitupo huru aliyopiga mchezaji, zidisha kwa 0.44, jumlisha na mitupo yake ya kawaida. Jibu lizidishe kwa 2, kisha gawa pointi zake kwa hapo. Ile 0.44 ipo kwa sababu si kila mtupo huru unamaliza shambulizi: kuna ule wa nyongeza baada ya kikapu kuingia, na kuna faulo za ufundi.

Tarehe 2 Machi 1962 Wilt Chamberlain alifunga 100 kwa mitupo 63 na mitupo huru 32. Hiyo ni asilimia 64.9. Tarehe 22 Januari 2006 Kobe Bryant alifunga 81 kwa mitupo 46 na mitupo huru 20: asilimia 73.9. Basi Kobe kashinda kwa 9? Subiri. Msimu wa 1961-62 wastani wa ligi nzima ulikuwa karibu asilimia 48. Msimu wa 2005-06 ulikuwa karibu 54. Wilt aliwazidi wa zama zake kwa 17, Kobe kwa 20. Pengo la 9 limebaki 3, na bado hatujasema kwamba Wilt hakuwa na mstari wa pointi tatu, ambao NBA iliuleta 1979-80, wakati Kobe siku hiyo alifunga 7 kutoka huko.

Hapo ndipo takwimu za kina zinapotenda haki: unapompima mtu dhidi ya aliocheza nao.

Kasi ya mchezo ni ngumu zaidi. Mwaka ule wa Wilt, timu ilikuwa ikipiga mitupo takriban 108 kwa mechi na kuokota ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, zaidi ya 70. Msimu wa 2003-04 mitupo ilikuwa 80 hivi. Kwa hiyo ribaundi 25.7 za Wilt kwa mechi lazima zipunguzwe. Zipunguzwe kwa kiasi gani? Inategemea idadi ya mashambulizi ya kila timu, ambayo hupatikana hivi: mitupo, toa ribaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotezwa, jumlisha 0.44 ya mitupo huru. Lakini NBA ilianza kutenganisha ribaundi za kushambulia na za kulinda msimu wa 1973-74, na mipira iliyopotezwa na mchezaji mmoja mmoja ikaanza kuandikwa 1977-78. Kwa miaka ya sitini, hata kile kipimo cha kurekebishia ni makisio. Anayekuletea ribaundi za Wilt "zilizorekebishwa" hadi desimali ya pili anakuuzia maji.

Bill Russell ndiye anayeumia kuliko wote. Alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 na Boston Celtics, akastaafu 1969. Bloku (kuzuia mtupo wa mpinzani) na stili (kumpora mpira) zimeanza kuhesabiwa 1973-74. Kazi iliyomfanya kuwa Russell haina hata mstari mmoja kwenye karatasi, kwa hiyo kanuni inamhukumu kwa ufungaji wake, ambao ulikuwa wa kawaida tu. Na hata bloku zingehesabiwa, karatasi haitofautishi bloku iliyorushwa jukwaani, ambapo mpinzani anarudishiwa mpira, na ile iliyodondoka mikononi mwa mwenzako. Mlinzi anayemfanya mshambuliaji aghairi kutupa haandikwi popote.

Turudi kwa PER. John Hollinger aliitunga ili wastani wa ligi uwe 15 kila msimu, wazo zuri. Ila ulinzi ndani yake ni stili, bloku, ribaundi na faulo tu. Wastani wa PER wa maisha yote ya mchezaji nao una mtego. Nikola Jokić yuko juu ya Michael Jordan, lakini Jokić bado hajafika miaka ya kuchoka, wakati Jordan alibeba misimu miwili ya Washington (2001 hadi 2003) iliyomshusha. Ukihamia Win Shares, kipimo kinachokadiria ushindi ambao mchezaji ameiletea timu, ukakitumia kwa jumla, sheria inageuka: aliyecheza miaka mingi anapanda, na ndiyo maana Kareem Abdul-Jabbar na LeBron James wako kileleni. PER inapima urefu wa kilele, Win Shares urefu wa safari. Chagua swali kwanza, kisha namba.

Vipimo vya tofauti ya pointi mtu akiwa uwanjani ndivyo ninavyoviamini zaidi kwa ulinzi, lakini NBA ina rekodi za tukio kwa tukio kuanzia 1996-97 tu. Jordan wa Bulls anapata misimu miwili, Magic Johnson na Larry Bird hawapati kitu. Halafu wachezaji wanaoingia na kutoka pamoja, kama Stephen Curry na Draymond Green, kanuni inahangaika kuwagawia sifa. Kwa hiyo panga kwa madaraja. Kareem, Jordan na LeBron daraja moja, basi. Nani wa kwanza kati yao, tofauti ni ndogo kuliko kosa la kipimo.

Kwa wanaoandika takwimu za ligi zetu za mkoa, kosa linaloharibu karatasi nyingi ni hili: mchezaji akifanyiwa faulo akitupa na mpira usiingie, mtupo huo hauhesabiwi; andika mitupo huru tu. Ukiingia, unahesabiwa. Dakika nazo ni 40, si 48, kwa hiyo pointi 20 za hapa usizilinganishe moja kwa moja na 20 za NBA. Mechi ikiisha, kokotoa mashambulizi ya timu zote mbili. Kwa kuwa mpira hubadilishana mikono, lazima yakaribiane: yakipishana kwa 2 au 3 ni kawaida, yakipishana kwa 8 kuna mipira iliyopotezwa au ribaundi za kushambulia ambazo mwandishi hakuziona, na karatasi hiyo isitumike kumpanga mtu yeyote.