Vifungo 17 Mezani

Mama alipokiokota kile kifungo cha kahawia nilidhani anataka tu kukitazama kwa karibu, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Akakigeuzageuza kiganjani, kisha akaniuliza, "Na huyu, umemuuliza?"

Ilikuwa Mei 2023. Mezani nilikuwa nimetandaza mchoro wa sitaha ya nane ya meli ya kitalii, karatasi nne nilizozichapisha na kuziunganisha kwa gundi, na juu yake nimepanga vifungo 17 kutoka kwenye kopo lake la ushonaji. Kila kifungo mtu. Mama alikuwa kile kikubwa cha koti, Mama Mdogo cha pili yake, wajukuu vile vyeupe vya mashati. Kile cha kahawia kilikuwa cha mdogo wangu wa kiume, anayenifuata.

Wazo la safari lilikuwa langu, na sikuliokota njiani. Tangu msiba wa Baba tulikuwa hatujalala sote mahali pamoja. Kila tulipojaribu kukutana, Mama aliishia jikoni na wakwe zake wakaishia kwenye masufuria, na siku ya kuagana unagundua hukupata hata saa moja ya kukaa naye. Melini hakuna wa kupika wala wa kuosha vyombo. Unafungua begi mara moja, unalala, unaamka uko bandari nyingine. Watoto wanakimbia bila kuvuka barabara. Nilikuwa nimeshaliona lile jambo akilini mwangu: Mama ameketi, sisi tumemzunguka, mezani hakuna kinachomwita kuinuka.

Basi nikaingia kwenye hesabu, na niseme kweli, nilizipenda. Nauli ya meli za namna hii huhesabiwa kwa kichwa, kwa kudhani chumba kina watu wawili. Anayelala peke yake hulipa karibu nauli ya wawili. Wa tatu na wa nne hulipa pungufu, wanalala kwenye vitanda vya juu vinavyoshushwa usiku na kukunjwa asubuhi. Vyumba vya wanne ni vichache na huwahiwa mapema. Hata kitanda kikiwepo unaweza kuambiwa nafasi zimejaa, kwa sababu idadi ya watu katika kila sehemu ya meli inafungwa na nafasi zilizomo kwenye mashua zao za kuokolea. Kwa hiyo nilikaa siku nyingi nikihamisha vifungo kama mtu anayecheza bao. Yule mdogo wangu hana mke wala mtoto, na nauli ya peke yake ilikuwa kubwa. Nikamsukumia kwenye chumba cha wapwa zake wawili, kitanda cha juu, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Hesabu ikakaa sawa.

"Nimewaandikia wote kwenye kikundi cha WhatsApp, Mama," nikajibu. "Nilisema mwenye pingamizi aseme kabla ya Jumapili. Hakuna aliyesema."

"Mwanangu, sikukuuliza kama umeandika."

Akakiweka kifungo pembeni ya karatasi, nje ya meli, akaenda kuswali. Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya kulipa salio. Safari ilikuwa Agosti, na mkataba ulitaka tumalize malipo siku 90 kabla ya kuondoka. Kabla ya tarehe ile tungeweza kujitoa na kurudishiwa amana. Baada yake, kila wiki tungepoteza zaidi, mpaka kufikia kutorudishiwa chochote.

Nilianza na wifi yangu, mke wa kaka mkubwa, kwa kuwa nilimwona ndiye mwepesi. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba walikuwa hawana uwezo, ila mume wake aliona aibu kusema mbele ya wadogo zake. Nauli wangeikopa. Lakini yeye alikuwa amesoma masharti mpaka mwisho: ada ya wahudumu inayotozwa kila siku kwa kila kichwa hata cha mtoto, bima, intaneti, matembezi ya nchi kavu. Wao walikuwa sita. Zidisha. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya nauli tu nikaiita gharama ya safari.

Mama Mdogo naye, anayetembelea kiti cha magurudumu, alinijibu kwa furaha kabisa kwamba asiwe mzigo, atabaki melini kutulindia vitu. Nikamuuliza kwa nini abaki. Kumbe alishamtuma mtoto wa kaka yangu amtafutie habari. Katika bandari mbili kati ya nne meli haifungi gatini. Inatia nanga nje na watu wanashushwa kwa mashua ndogo, na bahari ikichafuka kidogo tu, mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuzuiwa kushuka. Alikuwa amekwisha kukubali kukaa, na hakuniambia.

Kitinda mimba wetu akalia. Alikuwa na mimba ya wiki 11 ambayo hata Mama hajaambiwa. Niliifanya ile hesabu palepale huku bado analia sikioni: 11, na wiki 13 mpaka Agosti, ni 24. Kampuni nyingi za meli hazimpakii mjamzito aliyefika wiki ya 24. Alikuwa anangoja salio lipite ndipo ajitoe, ili asituharibie. Tena mtoto wake wa miaka miwili bado alivaa nepi, na mwenye nepi haruhusiwi kwenye bwawa, wala hapokelewi kwenye klabu ya watoto, ambayo kwa kawaida huanzia miaka mitatu. Yeye na mumewe wangemshika mkono siku saba mfululizo.

Nikamwacha mdogo wangu mwisho. Sikumpigia simu, nilikwenda kwake.

Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaanza yeye: "Dada, mimi nitalipa sehemu yangu kwa ajili ya Mama. Ila kwenda, siendi."

Nilikuwa nimejiandaa, na nilianza kumjibu kabla hajamaliza. Akaitaja Costa Concordia, ile iliyogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa 13 Januari 2012, wakafa watu 32. Picha yake imelala ubavu ilikuwa haijamtoka akilini. Nikamwambia kuwa baada ya ajali ile kanuni zilibadilika, kwamba tangu 2015 lazima abiria waonyeshwe mahali pa kukusanyikia na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka, na si ndani ya saa 24 kama zamani. Nikamwambia nafasi za kuokolea zinawatosha wote na kuzidi. Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya kweli.

Akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Dada, wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka 12, yeye tisa. Tulitumwa mtoni, nikaambiwa nimshike mkono kwenye mawe, nami nikauachia ili nifunge kanga yangu. Alibebwa na maji kama hatua ishirini hivi kabla mtu mzima mmoja hajamnasa kwa fulana. Nakumbuka ile fulana, ilikuwa ya mistari, ilivyovutika shingoni. Nakumbuka tulivyokaa juani mpaka nguo zikauke, tukaapizana tusiseme nyumbani. Mama alijua tu miaka mingi baadaye. Tangu siku ile sijamwona ndugu yangu akiingiza hata mguu majini, na miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza lolote, kisha nikamlaza kwenye kitanda cha juu katika chumba kisicho na dirisha kwa sababu kilikuwa cha bei nafuu.

Sikumbembeleza tena. Tulikaa mpaka giza likaingia tukizungumza habari ya mto, kwa mara ya kwanza.

Siku mbili kabla ya tarehe ya salio tulikutana kwa Mama, sisi wanne. Kaka mkubwa alitaka twende wanaoweza, wengine wafuate mwaka mwingine, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwani Mama hakuwa akirudi ujana. Kitinda mimba alimuunga mkono, akisema yeye yuko radhi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akatuambia tusimwandalie safari ambayo atakuwa anahesabu nani hayupo. Nikampigia wakala wa safari palepale, nikafuta nafasi zote. Amana ilirudi yote.

Tukakubaliana Agosti ya mwaka unaofuata, usiku nne badala ya saba, na bandari ambazo meli inafunga gatini tu. Mtoto angekuwa na miezi minane, na kampuni nyingi humpokea kuanzia miezi sita. Kaka angekuwa amejiwekea kidogo kidogo. Watoto wakubwa walikasirika, kwa sababu wakati ule walikuwa wanaimba Icon of the Seas, meli ya sitaha 20 na urefu wa mita 365 iliyokuwa karibu kuanza safari, nao walitaka ile au isiwe nyingine. Nikawakatalia. Bibi zao wasingeziweza zile korido.

Kile kifungo cha kahawia kilibaki pembeni ya karatasi, pale Mama alipokiweka. Alitukataza kukigusa.

Mwezi wa Januari mdogo wangu alikuja kumsalimu Mama, nami nilikuwepo. Alikula, akapumzika, kisha akauliza kama ule mchoro bado upo. Nilikuwa na mwingine, wa meli ile ndogo. Nikautandaza. Aliuinamia muda mrefu, kidole kikifuata korido kutoka omo mpaka tezi, halafu kikarudi katikati. Alikuwa amesoma mwenyewe kwamba katikati, kwenye sitaha za chini, meli huyumba kidogo kuliko kwingine. Akachagua chumba chenye dirisha, karibu na ngazi.

"Nisipoyaona maji nitayasikia tu," akasema, "na hiyo ni mbaya zaidi."

Akakitia kifungo chake pale. Kisha akagusa mlango wa pili yake, akauliza, "Hapa nani?"

"Mimi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, akasogeza kiti, akamwomba Mama chai.