Weka Kiganja Juu ya Aya

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimwambia mwanafunzi anayeshindwa na ufahamu asome tena kwa makini zaidi, bila kumwonyesha hata siku moja huko kusoma kwa makini hufanywaje. Namkumbuka mvulana mmoja wa Gredi ya 5 hapa Eastlands, Nairobi, aliyeweza kuyatamka maneno ya aya nzima, lakini nilipomuuliza inahusu nini, aliinamisha macho na kuanza kuisoma upya kutoka neno la kwanza.

Nilimfundisha mbinu iliyotungwa mwaka 1984 na Schumaker, Denton na Deshler wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani: soma aya, jiulize wazo kuu na mambo mawili yanayolifafanua, kisha uyaseme kwa maneno yako mwenyewe. Hatua zenyewe ni chache. Kazi kubwa ni kuzifundisha. Mwalimu hufikiri kwa sauti mbele ya mtoto, hata pale anapotatizika. Nilisoma aya kuhusu ufugaji wa nyuki, nikaweka kiganja juu yake na kusema: “Nadhani inahusu asali. Hapana, asali imetajwa mara moja tu. Sentensi nyingine zote zinaeleza mahali pa kutundika mzinga.” Mvulana yule alishangaa kwamba hata mwalimu hukisia vibaya na kurudi nyuma.

Kisha mtoto hukariri hatua mpaka azitaje bila kutazama, na hufanya mazoezi kwa matini nyepesi kuliko za gredi yake. Hapo ndipo nilipokosea, kwani nilimrudisha haraka mno kwenye kitabu cha darasa, akakata tamaa kwa wiki nzima. Tulianza tena na matini za Gredi ya 3, dakika 15 kila siku kabla ya gwaride.

Baraza la Mitihani la Kenya huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, na ni haki yao, lakini dakika hizo humfaa kidogo sana mtoto ambaye hajafundishwa la kufanya nazo.

Muhula wa pili nilipita nje ya darasa la mvulana yule wakati wa somo la Sayansi, ambalo hufundishwa na mwalimu mwingine. Mvulana alikuwa ameweka kiganja juu ya aya, macho yakitazama dirishani, midomo ikitembea.