Chungwa Halipiti Blythe

"Hayo yaache, shem. Blythe hayapiti."

Nilikuwa nimeshatia mfuko wa machungwa kwenye buti, machungwa niliyoyachuma kwa mkono wangu kwenye mti wa uani kwa shemeji yangu, mjini Phoenix, Arizona. Tukayaacha mezani, tukaondoka alfajiri kuelekea magharibi. Safari yetu ilikuwa ya kufika Sacramento, makao makuu ya jimbo la California, na mimi nilikuwa na shauku yangu mwenyewe ya kwenda huko. Nimezaliwa Muheza na kukulia chini ya michungwa. Nilitaka kuiona njia ambayo idara ya kilimo ya jimbo moja imepita mpaka ikawa na uwezo wa kumzuia msafiri na chungwa lake barabarani.

Ukivuka Mto Colorado unaingia Blythe, na hapo magari yote yanapunguza mwendo kupita chini ya paa la kituo. Afisa mwenye sare alituuliza tunatoka wapi na kama tumebeba matunda au miche. Tukajibu, akatupungia mkono, tukapita. Kwetu gari la machungwa husimamishwa getini kwa ajili ya ushuru. Hapa hatukutoa hata senti. Walichotaka kujua ni kama tumebeba mdudu. California ina vituo 16 vya namna hii kwenye mipaka yake na Oregon, Nevada na Arizona. Vilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakulima wa lusini, majani ya kulisha mifugo, walipokuwa na hofu ya fukusi aliyekuwa akishambulia majani ya lusini katika majimbo ya jirani.

Baada ya Blythe ni jangwa tupu, saa nzima na zaidi, halafu ghafla mitende: bonde la Coachella, mistari na mistari ya mitende, upande huu na ule. Tulinunua tende Indio, tukala njiani. Ningeweza kuandika mengi juu ya tende hizo, ambazo miche yake ililetwa kutoka Algeria, Iraq na Morocco, lakini hiyo ni kazi ya serikali ya shirikisho, na mimi nilikuwa ninafuata historia ya jimbo.

Historia hiyo niliikuta Riverside, kwenye makutano ya barabara za Magnolia na Arlington. Pale umesimama mchungwa mmoja ndani ya uzio, umefunikwa wavu juu hadi chini. Mwaka 1873 Eliza Tibbets alipokea miche ya machungwa yasiyo na mbegu, asili yake Bahia, Brazil, iliyotumwa kutoka idara ya kilimo kule Washington. Mti huu ni mmoja wa ile ya mwanzo, na machungwa ya aina hiyo yaliyotapakaa California nzima ni vikonyo vya vikonyo vyake. Wavu umewekwa kwa sababu ya kidudu kidogo kinachofyonza majani na kueneza ugonjwa unaoua michungwa na usio na dawa. Kidudu hicho kilionekana California mwaka 2008, na mwaka 2012 ukapatikana mti wa kwanza wenye ugonjwa, katika Kaunti ya Los Angeles. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko shemeji alivyopenda. Mti una zaidi ya miaka 140 na bado unazaa, na kuna watu wanaolipwa mshahara wahakikishe haufi.

Tuliingia Los Angeles mchana. Karibu na Alameda Street, ambako leo ni maghala na magari, zamani lilikuwepo shamba la machungwa la familia ya Wolfskill. Naamini idara yote ya leo ina deni kwa shamba lile. Katika miaka ya 1880 wadudu gamba weupe, wanaojifunika utando kama pamba, walikuwa wameivamia michungwa ya kusini mwa California. Walikuwa wameingia kutoka Australia, juu ya miti ya mapambo. Wakulima walipuliza dawa, wakafukiza miti, wengine wakaing'oa na kuichoma moto. Mwaka 1888 mtaalamu wa wadudu Albert Koebele alipelekwa Australia kumtafuta adui wa mdudu huyo kwao alikotoka. Alituma mende wadogo wekundu wenye madoa meusi, 129 katika mizigo ya mwanzo. Waliachiwa kwenye mti mmoja uliofunikwa hema, hapo hapo kwa Wolfskill. Walikula, wakazaana, hema likafunguliwa. Wakulima wakaja na masanduku kuchukua mbegu ya mende wapeleke kwao, na katika muda wa mwaka mmoja hivi balaa likawa limekwisha. Yeyote aliyewahi kuona mkulima akichoma miti aliyoipanda baba yake ataelewa kwa nini nilimwomba shemeji asimamishe gari mahali ambapo hapana cha kutazama.

Koebele alilipwa na Washington, lakini waliopiga kelele mpaka akapelekwa walikuwa wakulima wenyewe. Hilo ndilo lililonishika zaidi katika safari nzima. Mwaka 1880, filoksera, mdudu wa mizizi, ilipokuwa inaua mizabibu, wenye mashamba ndio waliotaka jimbo liunde bodi ya kusimamia zabibu. Mwaka uliofuata sheria ikaziruhusu kaunti kuwa na wakaguzi wa bustani, na mwaka 1883 ikaja bodi ya bustani ya jimbo. Walikuwa wanaomba wakaguliwe, maana kila mmoja alijua kwamba mti mgonjwa wa jirani ni mti wake. Mwaka 1919 bunge la jimbo likakusanya ofisi hizo za bustani, pamoja na za mifugo na maziwa, chini ya paa moja: Idara ya Kilimo ya California. George Hecke akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Neno "Chakula" liliongezwa kwenye jina mwaka 1972.

Tulilala Bakersfield, asubuhi tukashika Barabara ya 99 kwenda kaskazini. Hiyo ndiyo California ambayo watalii hawaijui: zabibu, lozi, machungwa, ng'ombe wa maziwa, malori, vumbi. Delano tulisimama. Septemba 1965 wachuma zabibu Wafilipino, wakiongozwa na Larry Itliong, waligoma hapa, na siku chache baadaye chama cha wafanyakazi wa mashambani cha Cesar Chavez kikaungana nao. Mwaka 1988 Chavez alifunga kula siku 36 katika mji huu huu, akipinga viuatilifu vilivyokuwa vinawadhuru wachumaji na watoto wao.

Hapa sifa zangu kwa idara zinapungua, na sitaki kuzipamba. Kwa miaka mingi ofisi iliyokuwa mlezi wa wenye mashamba ndiyo iliyokuwa pia ikitoa vibali vya viuatilifu na kuamua kipi ni salama. Kazi hiyo iliondolewa mikononi mwake mwaka 1991, ikapewa idara nyingine iliyo chini ya wakala wa mazingira wa jimbo. Mdudu alipewa mkaguzi tangu 1881. Mchumaji mwenye macho yanayowasha alingoja karne.

Na kuna kisa kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Inzi wa matunda ambaye California inamwogopa kuliko wote, yule ambaye wao humwita wa Mediterania, asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara. Katikati ya 1980 alionekana Los Angeles na San Jose. Gavana Jerry Brown alikataza helikopta zisipulize malathioni, dawa ya kuua wadudu, juu ya nyumba za watu. Serikali ya shirikisho ikatishia kuyazuia mazao ya jimbo zima, na Julai 1981 akakubali. Usiku baada ya usiku helikopta zilimwaga dawa iliyochanganywa na chambo cha sukari, huku watu wakifunika magari yao. Ofisa mmoja wa jimbo, B. T. Collins, alikunywa glasi ya malathioni iliyozimuliwa mbele ya waandishi wa habari ili kuwatuliza wananchi. Inzi alitangazwa kutokomezwa mwaka 1982. Tangu 1996 wanatumia njia nyingine Los Angeles: ndege zinamwaga inzi tasa kutoka angani, wakajamiiane na wa porini pasipo kizazi.

Sacramento tulifika jioni, na kesho yake nikaenda N Street, namba 1220, mkabala na bustani ya bunge. Jengo ni la heshima, bila makuu. Nililizunguka, nikampigia simu mjomba Muheza. Yeye anapigana na inzi mwingine, wa kutoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 kisha akasambaa Afrika. Anakula embe, anakula chungwa, na bwana shamba hufika akitaka.

Nilimweleza yote, mende, wavu, ndege za inzi. Akasikiliza, kisha akauliza hao wakaguzi nani anawalipa.

"Tangu sheria ya 2009, wenye michungwa wanakatwa kwa kila katoni, mjomba. Na serikali inaongeza."

"Na wakishakatwa, wakaguzi wanafika shambani?"

"Wanafika. Mitego imetundikwa mpaka kwenye miti ya majumbani, na kuna mtu wa kuizungukia."

Mjomba akataka kujua mtego mmoja unauzwa shilingi ngapi, na kama ningeweza kumpelekea picha yake siku hiyo hiyo, ili fundi wa pale Muheza aone kama anaweza kuutengeneza.